Kifuu Ndani ya Chungu

Asubuhi, kabla jua halijafika barazani, bi mkubwa huwa ameshakaa kwenye kibao chake cha mninga, ndoo tatu mbele yake na chekeche mapajani. Anaishi Tanga, na kazi yake ni kutengeneza bustani ndogo za kuweka ndani ya nyumba: mezani, kando ya dirisha, kwenye kona ya sebule ambayo haina kitu. Nilikwenda kumwagiza moja nikidhani nitaondoka nayo saa ile ile. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea mkeka. "Kaa, mwanangu. Kwanza udongo."

Ndoo ya kwanza ina udongo mweusi wa bustani, ya pili mchanga wa mto, ya tatu makumbi ya nazi. Mchanga wa pwani uko karibu zaidi na hauna nauli, lakini una chumvi, na chumvi huunguza mizizi. Makumbi nayo ameyachambua, akayakata vipande vifupi, akayaloweka siku tatu huku akimwaga maji kila siku, mpaka maji yakaacha kutoka na rangi ya chai. Anachekecha udongo kwa mwendo mmoja usiobadilika, mikono ikienda na kurudi, mabonge yakibaki juu. Kipimo chake ni kifuu: vifuu viwili vya udongo, kimoja cha mchanga, kimoja cha makumbi, na konzi ya samadi ya mbuzi iliyooza hata haina harufu tena. Anachanganya kwa vidole, ananyunyizia maji kidogo, kisha anakamata tonge na kulifinya. Tonge linashikana. Analigusa kwa ncha ya kidole, halivunjiki. Anaongeza mchanga, anachanganya upya, anafinya tena. La pili likiguswa linameguka vipande vitatu. Hapo anatikisa kichwa kukubali.

Chungu alichokichagua ni kipana na kifupi, kama cha kupikia samaki, na hakina tundu. Amekilaza kwenye maji tangu jana ili kisipasuke. Anakigeuza kichwa chini juu ya gunia, anaweka ncha ya keekee, anaanza kuzungusha. Hakandamizi. Vumbi jekundu linatoka, analifuta kwa kitambaa chenye maji, anaendelea. Matundu matatu yanamchukua karibu nusu saa. Juu ya kila tundu anaweka kigae kilichobinuka, mgongo juu, ili maji yapite na udongo ubaki. Wengi hujaza kokoto chini wakidhani zinakausha chungu. Yeye haweki. Maji, anasema, hayana haraka ya kushuka kutoka kwenye udongo kwenda kwenye kokoto. Hutuama palepale juu yake, na mizizi inaoga bila kutaka.

Mmea wa nyuma, ule mrefu, ni ule wa majani manene yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Asili yake ni mashariki ya Afrika, Zanzibar ikiwemo, ingawa ni wakulima wa Uholanzi walioutawanya madukani duniani kote katika miaka ya 1990. Anaugeuza mkebe, anagonga kitako, fungu lote linatoka na viazi vyake vya kahawia. Havuti. Anatafuta kwa vidole mahali viazi vinapoachana vyenyewe, na hapo ndipo anapotenganisha. Akimaliza ananawa mikono kwa sabuni, maana utomvu wake huwasha.

Pembeni ana sinia la mchanga lenye majani ya mmea huohuo, kila moja kama dole gumba, yamechomekwa safu kwa safu. Anachomoa moja. Juu halijabadilika hata kidogo, lakini chini limevimba na kufanya kijikiazi kama punje ya mbaazi. Litakaa hivyo miezi mingi kabla ya kutoa chipukizi. "Hapa ndipo watu hutupa," anasema, akilirudisha kwenye shimo lilelile.

Mmea wa pili ni mkonge wa nyumbani, ule wa majani yaliyosimama kama upanga, kingo zake za njano. Ukikata jani lake vipande na kuvichomeka, vitaota, ila vitaota kijani kitupu; njano haipiti kwenye jani. Kwa hiyo yeye hukata shina la chini ya ardhi, pamoja na chipukizi lake. Mashina haya aliyakata siku mbili zilizopita, akapaka unga wa mkaa kwenye kidonda na kuyaanika kivulini. Sasa kidonda kimekauka kama kovu.

Kisha anasimama, anaingia ndani, anarudi na sahani iliyofunikwa. Ndani yake mna ua dogo la zambarau, majani yenye manyoya laini. Huyu ni mwenyeji kuliko sote. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani ua hili kutoka huku, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, na Wajerumani bado huliita ua la Usambara. Bi mkubwa hulizalisha kwa jani: hukata kikonyo mshazari kwa wembe mpya, hukichomeka kwenye mchanga, na baada ya miezi miwili au mitatu vijimche hujitokeza chini yake.

Nilidhani atalipanda katikati ya chungu. Lakini mkonge na mwenzake wanataka ukavu, na ua hili linataka unyevu. Ukiwanywesha sawa, mmoja atakufa. Anachukua kifuu kilichosuguliwa kwa msasa, nusu ile yenye macho. Jicho moja la nazi ni laini, nalo ameshalitoboa. Analipanda ua ndani ya kifuu, anachimba nafasi mbele ya chungu, anakizamisha mpaka ukingo, anausawazisha udongo. Kifuu hakionekani tena, lakini kinatoka na kurudi. Siku ya maji kitakaa peke yake kwenye sahani kinywe kwa chini, maana maji baridi yakidondokea manyoya yale huacha madoa.

Anafuta majani yanayong'aa kwa kitambaa, yale ya manyoya anayapangusa kwa brashi laini. Nikanyoosha mikono kupokea. Akakisogeza chungu kivulini, nyuma yake. "Wiki mbili. Kishike kwanza."

Niliporudi, jani jipya lilikuwa limechomoza katikati ya ua, dogo kama ukucha wa mtoto. Bi mkubwa hakulitazama. Alikitoa kifuu, akakiweka kiganjani, akakipima uzito kwa kukiinua na kukishusha mara mbili, kama mtu anayenunua embe. Kisha akakirudisha mahali pake bila kukipa tone.

"Bado," akasema, akanikabidhi chungu.