"Ukomo" na "Kosa" katika Madai ya Uzembe wa Tabibu

Istilahi ya sheria hupimwa kwa yule atakayepoteza haki yake asipoielewa. Kwa kipimo hicho, "ukomo" bado haijaturidhisha. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 humpa miaka 3 mtu aliyedhurika kwa uzembe wa tabibu. Akichelewa, mahakama hulitupa shauri hata kama mdaiwa hakuleta pingamizi. Lakini mtumishi wa serikali husoma kila mwaka "ukomo wa bajeti", yaani kiasi kisichopaswa kuzidishwa, na mkunga husema "ukomo wa hedhi". Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akiandikiwa kwamba dai lake "lina ukomo", aweza kudhani kuwa fidia ndiyo iliyowekewa kiwango, naye akangoja. Heri "muda wa kufungua shauri". Ni mrefu, lakini unamwambia la kufanya.

Kasoro kubwa zaidi imo katika "kosa". Sheria hiyo huahirisha kuanza kwa hesabu pale haki ya mdai ilipofichwa kwa udanganyifu, na pia pale anapoomba nafuu kwa jambo ambalo mfasiri mwenye haraka huliita "kosa". Mwanasheria hapo ana maana ya kudhani visivyo, kama kulipa fedha zisizodaiwa. Mgonjwa huelewa kosa la mpasuaji! Basi mwanamke aliyesahauliwa kitambaa tumboni, akakigundua mwaka wa 5, ataamini kwamba kifungu hicho kimemwokoa. Hakikumwokoa.

Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa la namna hiyo halihitaji miaka kuonekana. Ni yale yanayojificha mwilini ndiyo yanayoning'inia kwenye neno moja la mfasiri. Na tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya sheria na mahakama, neno hilo laweza kusomwa mbele ya hakimu.

Twapendekeza "dhana potofu", na "kosa" aachiwe tabibu. Ama kuhusu "notisi" ya siku 90 ambayo Serikali hupewa kabla ya kushitakiwa, hatuna ugomvi nayo: kila mpangaji wa Kariakoo anaijua, kwa kuwa mwenye nyumba alikwisha kumpa.