Lori Bovu Barabarani: Lawama Inavyogawanywa

Basi likiparamia lori lililoharibika kwenye mlima wa Kitonga usiku, vijiweni hukumu hutoka papo hapo: aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa. Mahakama haianzii hapo. Inaanzia saa lori lilipozimika, kisha inauliza dereva na utingo wake walifanya nini mpaka basi lilipofika.

Kuharibikiwa peke yake si kosa. Semitrela iliyokaguliwa vizuri inaweza kukatika ekseli mlimani. Kosa linaanza pale lori lilipoweza kusogezwa pembeni na halikusogezwa, taa za tahadhari hazikuwashwa, au pembetatu iliwekwa hatua chache tu nyuma ya tela. Matawi ya miti tuliyoyazoea yanaonyesha kwamba mtu alijaribu kuonya, lakini hayaakisi mwanga. Usiku dereva huyatambua akiwa ameshayafikia. Na kama lori lilitoka Tunduma likijulikana ni bovu, kosa linarudi nyuma hadi kwa mmiliki.

Sasa zamu ya basi. Kwa mwendo halali wa kilomita 80 kwa saa, basi hukata mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kushtuka, ongeza breki nzuri kwenye lami kavu: atahitaji mita zipatazo 80 kusimama. Kwenye mteremko au ukungu wa Mufindi, hesabu inazidi kuwa mbaya. Ndiyo maana “sikuvuka 80” si utetezi kamili. Swali ni kama mwendo ule uliendana na alichoweza kukiona.

Uingereza, tulikorithi kanuni hizi za uzembe, walishazunguka sana hapa. Mwaka 1842, katika Davies v Mann, mwenye punda aliyefungwa miguu na kuachwa barabarani alishinda, kwa kuwa mwenye gari la farasi angeweza kumkwepa. Mwaka 1934, katika Tidy v Battman, pikipiki iligonga lori lililosimama usiku. Majaji walikataa kuweka kanuni kwamba mgongaji daima ana kosa. Katika Rouse v Squires ya 1973, dereva ambaye lori lake lilijikunja na kuziba barabara alibebeshwa asilimia 25 ya lawama kwa kifo kilichosababishwa na lori lililokuja baadaye.

Kwetu Tanzania, Sura ya 310 ya sheria zetu inaruhusu mgawanyo wa lawama wa aina hiyo. Abiria aliyeumia, mgawanyo huo haumhusu sana: anaweza kudai fidia yake yote kwa mmoja wao, wenyewe wakadaiane.

Ugumu ni ushahidi usipokuwepo. Mwaka 1971, katika Lakhamshi v Attorney General, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba ikishindikana kujua nani alizembea, lawama igawanywe nusu kwa nusu. Kanuni hiyo inamaliza kesi, ila kwa maoni yangu inamnufaisha aliyewahi kuondoa lori kabla mchoro wa polisi haujachorwa. Pembetatu inaweza kuongezwa baada ya ajali, na matawi pia.

Basi wewe unayefika mapema, ukishawasaidia majeruhi, piga picha ya barabara nyuma ya lori, ionekane pembetatu iko wapi au kwamba haipo, kabla gari la kuvuta halijafika.