Bango la wodini linasema "Nyonyesha". Halafu?

Kwa kawaida hapa tunachambua vitabu na filamu za sayansi. Leo nina bango. Nimelitazama siku tatu mfululizo nikiwa kwenye kiti cha plastiki, wodi ya wazazi, dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji. Lina picha ya mama anayetabasamu, mtoto kifuani, na maneno makubwa: maziwa ya mama ni chakula bora, mnyonyeshe ndani ya saa moja, usimpe kitu kingine chochote kwa miezi sita.

Tulitendee haki kwanza. Kilichoandikwa pale kina msingi. Ujumbe huo unafuata Hatua Kumi za unyonyeshaji ambazo WHO na UNICEF walizitoa mwaka 1989 na kuzipitia upya mwaka 2018. Pia linakataza kukamua dang'a na kuimwaga, na hapo nalipigia makofi. Yale maziwa ya njano mazito ni machache, lakini yamejaa kingamwili, na tumbo la mtoto wa siku moja linatosheka na kiasi cha kijiko cha chai hivi kwa mnyonyo mmoja.

Shida yangu inaanzia kwenye picha. Mtoto wa kwenye bango ana miezi minne, labda mitano. Shingo imekaza, mashavu yamejaa. Mama amekaa wima, hana dripu mkononi wala kidonda tumboni. Dada yangu alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani bila kushikwa. Analitazama bango, anajitazama yeye, anaanza kulia. Bango la wodi ya wazazi halina mzazi wa siku ya kwanza!

Halafu kuna jambo ambalo halikusemwa kabisa: maziwa mengi huja lini? Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni hushuka ghafla, na hapo ndipo prolaktini inapata nafasi ya kuamsha utengenezaji wa maziwa kwa wingi. Hilo halitokei papo hapo. Kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 4, na kwa mzazi wa kwanza au aliyefanyiwa upasuaji huweza kuchelewa zaidi. Sentensi moja tu ukutani ingetosha.

Kwa kuwa haikuwepo, usiku wa pili mama mkwe wake akasema, "Mwanangu, huyu ana njaa, wewe huna maziwa." Hakuwa na nia mbaya. Mtoto alikuwa analia kweli. Likanunuliwa kopo na chupa, mtoto akashiba, akalala saa nyingi. Sasa angalia kinachofuata: ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Mtoto aliyeshiba kopo hanyonyi, ziwa halipati taarifa, maziwa yanazidi kuchelewa, na kesho yake kauli ya "huna maziwa" inaonekana ilikuwa ya kweli.

Kosa la tatu ni neno lenyewe, "nyonyesha", kana kwamba kila mtu anazaliwa anajua. Manesi wa zamu walikuwa wachache na wamechoka. Kila tulipouliza tulijibiwa, "Nyonyesha tu mama, yatatoka." Asubuhi ya siku ya tatu akaja nesi mmoja mtu mzima, akatumia kama dakika kumi. Akamhamishia mtoto ubavuni, miguu ikielekea nyuma chini ya kwapa la mama, asikandamize kidonda. Akasubiri mdomo ufunguke sana ndipo akamsogeza mtoto kwenye ziwa, wala si ziwa kwa mtoto. Kidevu kikagusa ziwa, mdomo wa chini ukabinuka nje, sehemu nyeusi ya ziwa ikaonekana zaidi juu kuliko chini. Dada akasema, "Haiumi!" Mambo manne hayo yanachoreka vizuri kabisa kwenye bango.

La mwisho ndilo zito. Hatua ya 6, kwenye maandishi yenyewe, inasema mtoto asipewe kingine *isipokuwa kuna sababu ya kitabibu*. Bango limekata maneno hayo. Najua kwa nini: ukiacha mlango wazi, kopo litapita. Lakini wapo watoto ambao kweli hawapati maziwa ya kutosha, na mama aliyeambiwa "kamwe" anaweza kuogopa kusema. Angeambiwa atazame nini? Kulia peke yake si kipimo, na hata kwa njaa ni dalili ya mwisho, baada ya kutafuta ziwa kwa mdomo na kunyonya vidole. Tazama mkojo: kuanzia siku ya 5 nepi zenye mkojo ziwe angalau 6 kwa siku. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ila ukifika asilimia 10 lazima achunguzwe. Mtoto anayelala mno asiamke kunyonya, au anayezidi kuwa wa njano, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Dada yangu sasa ananyonyesha, kopo limebaki nusu kabatini. Ningeombwa kulichora upya lile bango, ningeweka mama aliyelala ubavu na dripu yake, mtoto wa siku moja, na maneno: "Maziwa mengi huja siku ya 2 hadi ya 4. Mwite nesi akuonyeshe namna ya kumweka." Na wodini awepo nesi wa kuitwa.