Mama Zetu Waosha Maiti

Pongezi hizi ni za kina mama wanaoosha maiti wa kike katika mitaa ya Ngamiani, Tanga, na vijiji vya pwani mpaka Tongoni na Pangani. Hawana mshahara. Simu ikilia usiku, mama hutia udhu, hujitanda kanga, akatoka.

Mlango hufungwa, na maiti husitiriwa hata mbele ya wanawake wenzake. Tumbo hukandwa taratibu, kisha huoshwa kiungo kwa kiungo, kuanzia kuume. Maji hutiwa majani ya mkunazi, na ya mwisho kafuri. Nywele husukwa mikia mitatu, ndipo ije sanda ya vipande vitano. Kovu au aibu yoyote aliyoiona mle ndani, mama hatoki nayo. Kwangu mimi, siri hiyo ndiyo sadaka yake kubwa.

Mmoja wao namkumbuka zaidi: alitusomesha Juzuu Amma asubuhi, na akitoka kuosha alibaki msibani kuchambua mchele na kuwalisha watoto wa marehemu. Siku yake ilipofika, waliomwosha ni wanafunzi wake.

Silsila yao ni ndefu. Zainab binti Mtume alipofariki Madina, mwaka wa 8 Hijria, sahaba Ummu Atiyya alikuwa miongoni mwa waliomwosha, na Mtume (s.a.w.) akawapa shuka yake mwenyewe wamvishe bintiye.

Misikiti yetu iwanunulie glavu, sabuni na sanda za akiba. Wengi bado wanavinunua kwa pesa za vitumbua.