Kisa cha kweli cha Mzee Maruge ni kipi?

Neno 'kisa' lina maana mbili. Kisa ni hadithi. Kisa pia ni sababu, na ndiyo maana mtu akikasirika ovyo twamuuliza, 'Kisa na maana?' Basi filamu inapojinadi kuwa imetokana na kisa cha kweli, mimi huuliza: ni hadithi iliyo ya kweli, au sababu?

Chukua 'The First Grader', iliyoongozwa na Justin Chadwick. Sisi wa huku Plateau twaitazama kwa jicho kali, kwani Kimani Maruge alisomea hapo Eldoret, katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Alijiunga na darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi.

Makosa madogo nayasamehe. Filamu inatuonyesha shule ya nyika na vumbi, ilhali Eldoret ni baridi, mahindi na matope. Haidhuru, hayo ni mapambo.

Lugha si pambo. Mkikuyu anayeishi Eldoret huzungumza na jirani, mwalimu na mwenye duka kwa Kiswahili. Filamu imempa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Najua soko la ng'ambo lilitaka hivyo, lakini ukimnyang'anya mzee huyu Kiswahili umemnyang'anya ujirani wake pia.

Kosa kubwa liko kwenye sababu. Katika filamu, Maruge anataka kujua kusoma ili aielewe barua kutoka ofisi ya rais. Maruge mwenyewe alisema alitaka kuisoma Biblia, maana aliwashuku wahubiri, na pia ajue kuhesabu pesa zake. Hebu pima tofauti hiyo. Yule wa filamu anasubiri dola imtambue. Yule wa Kapkenduiywo amechoka kusomewa na watu asiowaamini. Kwangu mimi, huyu wa pili ndiye mwanamapinduzi.

Tuipe filamu haki yake. Iliwaonyesha watazamaji wa dunia mateso ya wafungwa wa Mau Mau kabla Uingereza haijaeleza masikitiko yake, Juni 2013, na kukubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228. Kazi hiyo si haba.

Lakini dhuluma ya Mwingereza ni rahisi kuionyesha kuliko yetu wenyewe. Filamu inadokeza chuki za kikabila, kisha hadithi inaisha kabla ya machafuko ya uchaguzi wa 2007. Machafuko hayo yalimtoa Maruge kwake, yakamtupa katika kambi ya wakimbizi wa ndani hapo Eldoret. Akaendelea kwenda shule kutoka hemani! Mwishowe alihamia Nairobi, akafariki huko Agosti 2009. Mzee aliyenusurika kambi za mkoloni aliishia katika kambi iliyosababishwa na Wakenya wenzake. Ni kisa gani kingine kingetufaa zaidi?

Msanii ana ruhusa ya kubuni mazungumzo, kufupisha miaka, hata kuhamisha shule. Walimu wanaoionyesha filamu hii darasani wasikomee kuuliza nini kilitokea. Wawaulize wanafunzi kwa nini mzee alitaka kusoma, kisha kwa nini alihama Eldoret. Swali la pili filamu hailigusi, na huku kwetu bado twaogopa kulijibu kwa sauti.