Kumpima Fundi kwa Kompyuta Isiyowaka

Muulize mtu kwa nini anamsifu fundi wake wa kompyuta, atakwambia aliipeleka imekufa ikarudi inawaka. Sifa hiyo haitoshi. Kompyuta ya mezani ina tabia ya kufufuka yenyewe ikichomolewa kwenye umeme na kuachwa dakika chache, na wapo mafundi kanjanja wanaokula hela ya mazingaombwe hayo mwaka mzima. Mwenye jicho la kazi hii hutazama njia aliyopita fundi: alianza kugusa nini, alipima nini, na kipi alikiacha kwa makusudi.

Kazi huanzia mdomoni. Ukimwambia "haiwaki", fundi anayejua atakurudishia swali: "Haiwaki kabisa bosi, au inawaka halafu inazima? Au feni zinazunguka ila kioo cheusi?" Hayo ni magonjwa matatu. Isiyotoa hata mlio inampeleka kwenye soketi, waya, pawa saplai na kitufe. Inayowaka sekunde moja ikazima inamtia shaka ya shoti, kwamba pawa saplai inajikinga. Yenye feni zinazozunguka na kioo kitupu mara nyingi ni rami au kadi ya picha, na pengine ni waya wa kioo tu umechomekwa pasipo pake. Atauliza pia kilichotangulia. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo? Meza ilihamishwa? Kuna kijana alikuja "kuongeza spidi"? Anayeshika bisibisi kabla ya maswali haya, mtazame kwa makini. Anayependekeza kupiga Windows ilhali mashine haijatoa hata mwanga, beba mashine yako uondoke.

Baada ya maswali, bado hafungui kasha. Anajaribu soketi kwa kitu kingine, anabadilisha waya wa umeme, anatazama swichi ya nyuma. Kwenye pawa saplai nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Ukichomeka mashine iliyowekwa 115 kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlipuko na moshi utafuata. Fundi makini hukitazama kila mara, hata mteja aape kwamba hakijaguswa. Halafu huinama akanusa matundu ya nyuma, kwa sababu kapasita iliyopasuka na ubao ulioungua kila kimoja kina harufu yake, na pua ya miaka kumi hukaribia kuwa kipimo.

Sasa mita. Hapa ndipo mafundi wanapogawanyika. Tangu Intel ilipoleta mpangilio wa ATX mwaka 1995, kompyuta ya mezani "iliyozimwa" haijazimwa kweli: waya wa zambarau hubaki na volti 5 muda wote mashine ikiwa kwenye umeme, zikisubiri ubonyeze kitufe. Fundi anayejua huanzia hapo. Zambarau ikiwa haina kitu, pawa saplai ndiyo mtuhumiwa wa kwanza na hakuna haja ya kuhangaika na rami. Zambarau ikiwa na volti zake, anahamia kwenye waya wa kijani, ambao hukaa na volti chache mashine ikiwa imelala na kushuka karibu na sifuri kitufe kinapobonyezwa. Usiposhuka, pawa saplai haijaambiwa iwake. Kosa liko kwenye kitufe, waya wake, au mazabodi. Atachomoa waya wa kitufe na kugusanisha pini zile mbili kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu. Mashine ikiwaka, ugonjwa ni kitufe cha mbele ya kasha. Sijui ni mazabodi ngapi zimeuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya kitufe, lakini zipo.

Kuna mchezo unaopendwa sana wa kukunja waya au kibanio cha karatasi, kuunganisha kijani na cheusi, feni ikazunguka na fundi akatangaza kwamba pawa saplai ni nzima. Mimi simpi alama nyingi kwa hilo. Feni kuzunguka kunathibitisha kwamba feni inazunguka. Pawa saplai yenye kapasita zilizochoka huonyesha volti nzuri ikiwa haina mzigo, na hulegea inapobebeshwa mashine. Fundi wa kweli hupima ikiwa imechomekwa mahali pake, ncha za mita zikiingia kwa nyuma ya plagi: njano isishuke chini ya volti 11.4 wala kupita 12.6, nyekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25. Na anajua kwamba mashine nyingi za ofisini za Dell na HP zina plagi za mpangilio wao wenyewe, hivyo rangi na pini za ATX hazifuatwi kwa mazoea. Ukimwona anasita mbele ya plagi ngeni na kutafuta mchoro wake kwanza, hesabu hilo kuwa sifa.

Ikiwa umeme uko sawa, anaanza kupunguza. Anachomoa diski, kadi, vifaa vya USB, kila kisicho cha lazima, mpaka ibaki mazabodi, prosesa, rami moja na pawa saplai. Mazabodi ikishukiwa kugusana na bati la kasha, anaitoa na kuilaza juu ya kadibodi. Mashine ikiamka, anarudisha kimoja kimoja, na kila mara anaiwasha. Aliyebadilisha vitu viwili kwa mpigo hajui alichoponya. Atakulipisha vyote viwili. Rami husuguliwa miguu yake ya dhahabu, hasa huku pwani ambako unyevu na chumvi huacha utando. Wengi hutumia ufutio wa shule na hufaa, ilimradi asugue taratibu na kupangusa makombo kwa spiriti. Na kuna ishara moja ndogo ninayoipenda: spika ile ndogo kama kifungo cha koti, inayochomekwa kwenye mazabodi ili isikike milio yake ya kujieleza. Kompyuta nyingi siku hizi haziji nayo. Fundi anayeihifadhi kwenye droo ni mtu anayependa kusikia mashine yenyewe kabla ya kutoa kauli yake.

Penye ufundi wa mkono hasa ni kubadilisha kapasita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu ndani, na mashine kama Dell OptiPlex GX270 zilipata sifa mbaya kwa hilo. Unaitambua iliyokufa kwa kichwa kilichovimba kwenye ile alama ya msalaba, au utomvu wa kahawia miguuni. Usimsifu fundi kwa kuiona, hata mtoto anaiona. Msifu kwa anachoweka. Uwezo wake uwe ule ule, volti zilingane au zizidi kidogo, kamwe zisipungue. Joto liwe nyuzi 105, maana za 85 hazidumu karibu na prosesa. Ziwe zile zenye upinzani mdogo wa ndani, na mstari wa hasi uelekee palipoandikwa.

Kisha geuza mazabodi, uombe taa. Risasi nzuri imejaza tundu na kupanda kwenye mguu wa kapasita kama kichuguu kidogo chenye miteremko laini. Ikiwa imekaa kama shanga ya duara juu ya ubao, haijashika. Ubao haukupata joto la kutosha. Ubao ukiwa umebadilika rangi kuwa kahawia, au kipande cha njia ya shaba kimeng'oka, alichoma muda mrefu kupita kiasi. Usimhukumu kwa kukosa mng'ao peke yake, kwa kuwa risasi za kisasa zisizo na madini ya risasi hufifia zikipoa hata kazi ikiwa safi. Kapasita isimame wima, iguse ubao, na nta ya kulehemia iwe imepanguswa. Nikikuta unata umebaki pande zote, najua kazi ilifanywa huku mteja akihimiza.

Ndani ya pawa saplai mambo ni mengine. Mle hukaa zaidi ya volti 300 kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa waya, na anayeingiza vidole bila kuzimaliza kwanza hafai kuwa mwalimu wa mtu. Fyuzi ikiwa imekatika, kuna kilichoikata. Mafundi waliokulia kwenye redio na televisheni huunga balbu ya wati 60 au 100 kwa mfululizo kabla ya kujaribu: ikimulika mara moja na kufifia, shoti imeondoka, ikibaki inawaka kwa nguvu, bado ipo, na hakuna kilichoungua zaidi. Anayeweka uzi wa waya mahali pa fyuzi ameondoa kinga iliyokuwa inalinda nyumba.

Akiamua kununua pawa saplai nyingine, mwombe uishike mkononi. Nyepesi mno ina shaba kidogo. Soma lebo yake, usisome boksi: ukikuta imeandikwa wati 500 juu na mstari wa volti 12 una ampea 16, zidisha, utapata wati 192, na karibu mzigo wote wa kompyuta ya leo uko kwenye mstari huo.

Usiharakishe kuichukua mashine. Fundi mzuri ataiacha ikifanya kazi saa kadhaa, ataizima, ataichomoa, na kuiwasha tena asubuhi ikiwa baridi, kwa kuwa kapasita dhaifu hugoma zaidi zikipoa. Atakukabidhi kilichotolewa, hata kama huna haja nacho. Skrubu zote zitakuwepo.

Na kuna siku atakwambia mazabodi imekufa. Muulize amejuaje. Akijibu kwamba pawa saplai nyingine ilishindwa, rami nyingine ilishindwa, prosesa imejaribiwa kwenye mashine nzima ikafanya kazi, basi ametimiza wajibu wake, na fedha ya kuangalia aliyokutoza ni halali yake. Kwa mashine ya miaka kumi na zaidi, mazabodi ya kubadilisha haina maana. Atatoa diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, na kukufungulia mafaili yako uyaone kabla hamjaanza kuzungumzia bei ya kitu kipya.