Kazi Ilianza Barazani

Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika barazani kwa Jane Goodall, Dar es Salaam, wakatoa yaliyokuwa yakiwakera: uvuvi wa baruti unaosambaratisha matumbawe, ujangili hifadhini, watoto wa mitaani. Goodall, aliyekuwa akitafiti sokwe wa Gombe tangu 1960, hakuwapangia la kufanya. Aliwaambia wakawatafute wenzao wanaojali mambo hayo, wakutane tena. Ndivyo ulivyoanza mtandao wa Roots & Shoots, ambao umefika nchi zaidi ya 60.

Tangu afariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91, mama huyo amesifiwa sana kwa moyo wake. Ni haki yake. Ila anayetaka kuifanya elimu ya mazingira kwa vijana kuwa kazi yake ya maisha aitazame pia mbinu. Tanzania ilikuwa na Klabu za Malihai tangu 1980, kwa hiyo klabu ya shule haikuwa jambo geni; uzito wa mbinu hii uko katika kumwachia kijana uchaguzi. Kila kikundi huchunguza mahali kinapoishi, hujichagulia tatizo, kisha hufanya jambo kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira, yote matatu. Pwani mpangilio huo una maana kubwa: mtoto wa mvuvi hawezi kuzungumzia baruti bila kuzungumzia sufuria ya nyumbani kwao, na akianza na sufuria, hata baba yake atamsikiliza.

Bagamoyo, tatizo lililo karibu ni mikoko, kuanzia Kaole hadi delta ya Ruvu. Imekatwa kwa boriti, kwa mkaa, na kupisha mashamba ya chumvi. Kuipanda upya ni wazo la kwanza linalomjia kijana yeyote, na hapo ndipo kiongozi hupimwa.

Kila mti una mahali pake. Mlilana hustahimili maji ya mbele kabisa; mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, hufuata nyuma yake, kisha msinzi na mkandaa kuelekea nchi kavu. Mkoko huwavutia wapandaji kwa sababu mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini, ikining'inia kama bamia ndefu. Vijana hufundishwa kutafuta pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Hiyo ndiyo dalili ya kukomaa. Ncha huchomekwa topeni, kiasi cha theluthi ya urefu, bila kuchimba shimo. Urahisi huo ndio mtego. Kundi lenye haraka huijaza kwenye tope tupu la mbele, ambako maji hukaa muda mrefu mno, na miche hufa. Miradi mingi duniani imepotea kwa kosa hilo.

Halafu kuna saa.

Kwenye pwani hii, wakati wa bamvua, bahari hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa darasani. Yakija maji mafu, kupwa huangukia alasiri, baada ya masomo, lakini bahari hairudi nyuma sana. Kwa hiyo kiongozi mzoefu hukaa na mwalimu mkuu na kalenda kabla muhula haujaanza, wakitafuta Jumamosi zinazokaribiana na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bamvua inapokuja. Ni kazi ya mezani, haipigwi picha, na pengine ndiyo inayookoa miche mingi kuliko zote.

Kinachofuata ni kuhesabu. Kaa hutafuna miche, mawimbi huing'oa. Bila eneo lililowekewa vijiti vya alama, na daftari la iliyobaki hai kila baada ya miezi michache, klabu haiwezi kujua ilichofanya. Kidato cha nne hukabili mtihani wa taifa Novemba, kisha huondoka na kumbukumbu zao. Daftari hilo afadhali lishikwe na kidato cha kwanza na cha pili, watakaokuwepo muda wa kutosha kujua ni sehemu ipi ipandwe tena na ipi iachwe maji yenyewe yailetee mbegu.